Wenye Mbuzi wa Karatasi, Majirani Hawawajui

(Maneno ya mfanyakazi wa huduma za jamii wa Kanisa kwa vikundi vya kujisaidia vya Kisumu Ndogo na Ganda, Malindi. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)

Najua kuna walioacha mitungi kwenye foleni ya maji, kwa hiyo sitazunguka mbali.

Nimeombwa niseme juu ya jambo moja: wale wenye mifugo ya ukoo ulioandikishwa, yaani mifugo yenye karatasi, watafanyaje ili mwananchi wa kawaida awajue na apate faida kutoka kwao. Kwetu hapa mifugo hiyo ni mbuzi wa maziwa. Basi nitasema juu ya mbuzi.

Naanza na beberu mmoja. Desemba iliyopita kikundi kimoja, sikitaji maana wenyewe wako hapa na wameshaumia vya kutosha, kilikuwa na beberu wa miaka miwili na ushei. Ana hereni ya namba sikioni. Ana karatasi. Mama yake ameandikwa alitoa maziwa kiasi gani, babu yake ameandikwa alitoka wapi. Ilibidi aondoke kwa sababu binti zake walikuwa wamekua, na beberu hatakiwi kuwapanda watoto wake mwenyewe. Wakangoja mnunuzi wiki tano. Hakuja mtu. Majani yakapungua, Krismasi ikafika, akauzwa kwa mchinjaji kwa bei ya nyama. Supu yake nasikia ilikuwa nzuri sana.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Wiki ileile, mzee mmoja ambaye nyumba yake ni mwendo wa dakika kumi kutoka banda lile, alitoa pesa alizoweka akanunua beberu kwa dalali aliyeshusha mbuzi kwenye lori. Aliambiwa ni "gredi safi ya kutoka bara". Hereni hana, karatasi hana, umri wake ni wa kukisia. Mzee alilipa zaidi ya alivyolipa yule mchinjaji. Kufika Februari beberu alikuwa ameharisha akafa, na mbuzi wawili wa nyumbani wakamfuata. Nilikwenda kumpa pole. Nikamwuliza, baba, mbona hukwenda kwa kile kikundi? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Kwani pale wanauza? Mimi nilidhani wale ni mbuzi wa padri."

Mbuzi wa padri! Miaka minne mbuzi wako pale, wanalia kila asubuhi, mtaa mzima unawasikia, na jirani anadhani ni mali ya Kanisa. Kosa si lake. Nilikwenda nyumbani nikajiuliza ni mara ngapi mimi mwenyewe nimewaleta wageni kwa gari la mradi, wakapiga picha na mbuzi, wakaondoka. Mzee alikuwa anaona gari. Angefikiri nini kingine?

Tuelewane kwanza karatasi ni kitu gani, maana hata baadhi yetu tunaiweka chini ya godoro bila kujua inasema nini. Nchi yetu ina daftari kubwa la koo za mifugo linaloitwa Kenya Stud Book. Lilianzishwa mwaka 1920, na wakati huo lilikuwa jambo la walowezi na wanyama wao waliowaleta kutoka Ulaya. Siku hizi liko chini ya Kenya Livestock Breeders Organization kule Nakuru, na mkulima mdogo anaweza kuandikisha mnyama wake kama mwingine yeyote. Mbuzi wa maziwa waliingia kwa wakulima wadogo kwa nguvu katika miaka ya 1990. Nyeri walipata Alpine wa Kijerumani na kukawa na Dairy Goat Association of Kenya. Meru, kuanzia mwaka 1996, shirika la FARM-Africa lilileta Toggenburg zaidi ya 100 kutoka Uingereza, na wakulima wa kule wakaunda chama chao, Meru Goat Breeders Association. Hiyo Toggenburg ni bonde la Uswisi. Basi mnaona mbuzi huyu amesafiri mbali kuliko sisi sote tuliokaa hapa.

Daftari lina ngazi, na ngazi yenyewe ni hesabu ya shule ya msingi. Chukua mbuzi jike wetu wa kienyeji, mpandishe kwa beberu aliye kamili. Mtoto ana nusu ya damu mpya. Binti huyo akikua, mpandishe kwa beberu mwingine kamili, mtoto wake ana robo tatu. Endelea tena, unapata saba ya nane. Tena, kumi na tano ya kumi na sita, na hapo daftari linamhesabu kuwa wa ukoo. Majina ya ngazi hizo yako kwa Kiingereza na sitawasumbua nayo. Kubwa ni kwamba mlango wa kuingilia uko wazi kwa mbuzi wa mama yeyote hapa Kisumu Ndogo, huyohuyo anayekula maganda ya ndizi jalalani. Huhitaji kuwa tajiri kuingia. Unahitaji beberu mzuri, subira, na daftari la kuandikia. Je, majirani wanajua hivyo? Hawajui. Wanadhani mbuzi wa karatasi huzaliwa na karatasi.

Msicheke kwa mfano huu, lakini Nairobi wenye mbwa wa ukoo wana shida ileile. Wana chama chao, East Africa Kennel Club, kinaandikisha mbwa na kufanya maonyesho. Mbwa anachanwa manyoya, anatembezwa mbele ya jaji, anakaguliwa meno na miguu. Ni kazi ya maana. Lakini waliosimama kutazama, wengi ni wenye mbwa wengine. Mtu anayetaka mbwa wa kulinda boma hayuko pale. Yuko kwenye gari, na kando ya barabara kuna kijana ameinua mtoto wa mbwa mkononi, na pale ndipo ananunua. Yule kijana hana karatasi, hajui hata mama wa mbwa, lakini ana kitu kimoja ambacho chama hakina. Amesimama mahali watu wanapopita.

Dalali wa mzee wetu naye ni hivyohivyo. Lori lilisimama barabarani, likapiga honi. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa kwenye semina.

Na nataka tuseme ukweli juu ya jambo lingine kabla ya kufika kwenye dawa. Kuna watu wanatujua na hawatutaki, na wana sababu. Wengine hapa wanakumbuka mbuzi wa bara walioletwa Pwani na mtu mwenye nia njema, wakafungwa chini ya mnazi kama mbuzi wetu, wakafa mmoja mmoja. Mbuzi wa Uswisi akikutana na joto la Malindi mwezi wa Machi, unyevu, minyoo ya masika, na huko upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke kuna mbung'o, mnategemea nini? Jirani aliyeona kifo kile hawezi kubadilishwa na karatasi. Ukimwambia "huyu ni wa ukoo" anasikia "huyu atakufa".

Kwa hiyo mimi maoni yangu, na wataalamu wengine watanipinga, ni kwamba hapa Pwani tusiwauzie majirani mbuzi kamili. Tuwape chotara, nusu au robo tatu basi. Chotara anayetokana na mbuzi wetu wa kienyeji, au na Galla yule mweupe anayetoka upande wa kaskazini, ana maziwa zaidi na bado anajua jua ni nini. Akitunzwa vizuri hutoa lita moja mpaka mbili kwa siku. Mbuzi kamili abaki kwa kikundi chenye banda la juu lenye sakafu ya mbao, lenye kupitisha upepo, na mtu wa kumwangalia kila siku. Tukimwambia jirani hivyo wazi, kwamba huyu kamili hakufai wewe lakini mtoto wake atakufaa, ataanza kutuamini. Muuzaji anayekukataza kununua, mtu humsikiliza.

Sasa Meru walifanyaje? Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo penye mafuta.

Meru hawakumgawia kila mtu mbuzi wa Uingereza. Wangekwisha siku moja. Waliwachagua wakulima wachache wa kuzalisha, kila mmoja akapewa majike wanne na beberu mmoja, kazi yake ni kuzaa mbuzi kamili na kuandika kila kitu. Halafu mabeberu waliozaliwa wakapelekwa kwenye vikundi, na kikundi kikawa na kituo cha beberu. Beberu anakaa kwa mwanakikundi mmoja aliyekubali kazi, na wanakijiji wote, wawe wanachama au si wanachama, wanaleta mbuzi wao wa kienyeji kupandishwa kwa ada ndogo. Ada inanunua chakula na dawa za beberu na kumlipa mwangalizi.

Mnaona tofauti? Mwananchi wa kawaida hawezi kununua mbuzi wa karatasi. Hana pesa, na hata akiwa nazo anaogopa. Lakini kumpandisha mbuzi wake mara moja anaweza. Kitu tunachomuuzia si mnyama, ni panda moja. Baada ya miezi mitano mbuzi wake mwenyewe, aliyemlea mwenyewe, anazaa mtoto mwenye masikio na rangi tofauti, mkubwa kuliko watoto wa jirani. Hapo huna haja ya bango. Mtoto yule atatembea mtaani na kila mtu atauliza, huyu umempata wapi?

Nilipowaeleza hivi kikundi cha lile beberu lililochinjwa, mama mmoja akaniambia, "Lakini sisi tulikuwa tunapandisha, hatukukataza mtu." Nikamwuliza, ni wangapi walileta mbuzi ambao si wa wanachama? Akahesabu kwa vidole. Watatu, kwa miaka miwili, na wawili ni mashemeji zake. Hamkukataza, kweli. Lakini hamkumwita mtu. Lango lilikuwa na kufuli kwa ajili ya wezi, na mtu akiona kufuli hasomi nia yako.

Basi beberu awe na siku zake, zijulikane. Kwa mfano Jumamosi asubuhi na Jumatano jioni, lango liko wazi, mwangalizi yupo. Bei iandikwe kwa chokaa ukutani, kwa tarakimu kubwa, maana mtu maskini haulizi bei ya kitu anachodhani hawezi kukilipa. Anaona haya, anapita. Bei ikiwa ukutani anaisoma akiwa mbali, anakwenda kupanga nyumbani bila kuaibika. Na kama mbuzi hakushika, baada ya wiki tatu akitaka dume tena, arudi bure. Hilo nalo liandikwe.

Kuhusu kiasi cha ada mtapanga wenyewe. Ila msiifanye bure kabisa. Kitu cha bure kwetu watu hukiita cha mzungu au cha padri, na tumeshaona mwisho wake.

Nirudi kwa daftari. Mtu atauliza, kama tunawauzia majirani panda tu, karatasi ya nini tena? Karatasi ina kazi, na kazi yenyewe ni hii. Beberu akikaa mahali pamoja mwaka na nusu, binti zake wa kwanza wanaanza kukomaa. Asipohamishwa atawapanda, na watoto wanaanza kuwa wadogo, dhaifu, wengine na taya zisizokutana. Kwa hiyo vikundi vibadilishane. Beberu wa Kisumu Ndogo aende Ganda, wa Ganda aende Kakuyuni, wa Kakuyuni aje hapa. Lakini utajuaje kwamba wa Kakuyuni si ndugu wa huyu unayemwondoa? Kwa karatasi tu. Kama vikundi vitatu hivi vingekuwa vinasomeana madaftari Desemba, lile beberu lingekuwa leo liko Kakuyuni linafanya kazi yake. Walikuwa wanalihitaji! Nimeongea nao. Walikuwa wamekaa na majike saba bila dume tangu Oktoba.

Na jirani pia asaidiwe kuandika. Kila anayepandisha apewe kipande cha karatasi chenye mambo matano: tarehe, namba ya beberu, jina la mwenye mbuzi, tarehe ya kutarajia kuzaa, na nafasi ya kuandika watoto waliozaliwa. Kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo karatasi yake ya kwanza, ngazi ya kwanza. Asiyejua kuandika ana mtoto wa darasa la sita nyumbani, na mimi nimeona watoto hao wakiweka daftari safi kuliko makatibu wa vikundi, samahani makatibu. Maziwa yapimwe kwa kikombe cha nusu lita, kilekile kila siku.

Sasa mahali pa kuwapata watu. Maonyesho ya kilimo ya Mombasa kule Mkomani ni mazuri, na vikundi vyenye nauli vikaende. Lakini mama wa Kisumu Ndogo haendi Mkomani kutazama mbuzi. Anakwenda kisimani, kinu cha kusaga, kliniki ya watoto, sokoni, kanisani, msikitini, baraza ya chifu. Nendeni huko. Mpelekeni chotara mmoja, jike mwenye kiwele kizuri, msafi, mwenye tabia. Si beberu, beberu ananuka mkaanza kuharibu kabla hamjafungua mdomo.

Hiyo ya harufu ndiyo inatufikisha kwenye maziwa. Watu wengi hapa watakwambia maziwa ya mbuzi yananuka. Mara nyingi ni kweli, kwa sababu beberu analala na majike, mkamuaji hakunawa, na kibuyu hakikukauka. Tenganisheni beberu, oshoeni kiwele, chujeni, chemsheni. Mwaka juzi tulifanya jaribio dogo nje ya kanisa baada ya Misa ya pili. Chupa mbili za chai, mahamri na mbaazi. Moja ya maziwa ya ng'ombe, moja ya mbuzi, hatukusema ipi ni ipi. Watu walikunywa, wakarudia, wakaanza kubishana. Mzee mmoja aliyekuwa anaapa hawezi kugusa maziwa ya mbuzi alirudi mara tatu kwenye chupa ileile, na mnajua ilikuwa ipi. Tuliuza lita zote za wiki ile kwa oda siku hiyohiyo. Chupa mbili za chai ziliwafikia watu wengi kuliko semina zangu za mwaka mzima, na semina zina bajeti.

Lakini msiwadanganye watu. Nasikia wengine mnauza maziwa ya mbuzi kama dawa: ya pumu, ya sukari, hata ya ukimwi. Acheni. Ni chakula kizuri, mgonjwa akinywa atapata nguvu kama kwa chakula kingine kizuri, na dawa za hospitali aendelee nazo. Mtoto chini ya miezi sita ni ziwa la mama peke yake. Na maziwa yachemshwe, siku zote, maana kuna homa ya kutupa mimba inayotoka kwa mbuzi na kumwingia mtu, inamlaza kwa miezi akidhani ni malaria. Mbuzi akitupa mimba, usishike kwa mikono mitupu, mwite daktari wa mifugo.

Ndugu zetu Waislamu pia tumewasahau, na wao ndio wanunuzi wakubwa wa mbuzi katika mji huu. Wakati wa Idd ya kuchinja mtu anatafuta mbuzi mzima, asiye na kasoro, aliyetimiza mwaka. Sisi tuna nini? Tuna madume chotara ambayo hayafai kuzalisha. Yahasiwe mapema, yalishwe vizuri, yawe na umri ulioandikwa kwenye daftari badala ya kukisiwa kwa meno. Dalali hawezi kumwambia mnunuzi tarehe ya kuzaliwa ya mbuzi. Wewe unaweza. Ila wanakikundi Waislamu watuulizie kwa sheikh juu ya kuhasi na juu ya lile tundu la hereni, kama vinadhuru kitu, kabla hatujapeleka mnyama sokoni. Tusibahatishe kwenye dini ya mtu.

Kuhusu magonjwa nitapita haraka kwa sababu daktari atakuja mwezi ujao. Mbuzi yeyote mgeni, hata awe na karatasi tatu, akae peke yake wiki tatu kabla ya kuchanganywa. Sotoka ya mbuzi na kondoo iliingia Kenya mwaka 2006 kupitia Turkana, ikasambaa kwa kutembezwa mifugo. Ndiyo maana tunadai kibali cha kusafirisha, na ndiyo maana lori la usiku ni hatari hata kama bei yake ni tamu. Beberu wa kituo ndiye wa kuangaliwa zaidi, maana anakutana na majike ya kila nyumba. Apimwe ile homa ya kutupa mimba. Akiwa mgonjwa, tumeufikia umma kweli, lakini kwa ugonjwa.

Na mnapouza mnyama mwenyewe, someni karatasi kwa sauti mbele ya mnunuzi. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwelezeni: hapa ni namba, na hii hapa sikioni, angalia zinalingana. Zisipolingana asinunue, hata kwenu. Huyu ni mama yake, haya maziwa yake. Halafu nendeni nyumbani kwake kabla hajamchukua. Hana banda, msimpe, mshikieni mbuzi wake mpaka ajenge. Fito na makuti vipo. Ana kivuli lakini hana majani? Mpeni vijiti vya glirisidia apande ugoni, na mbegu za lusina. Majani ya muhogo ayaanike kwanza yanyauke. Baada ya mwezi rudini mkaone. Mbuzi mmoja akifa kwa jirani, mnapoteza mtaa mzima, na hili nalisema kwa sababu limetutokea, si la kusoma kitabuni.

Kuna aliyeniuliza mlangoni, kama kila mtu atakuwa na chotara, sisi wenye karatasi tutamuuzia nani? Swali zuri, ni swali la tumbo. Mwenye nusu atataka robo tatu. Mwenye robo tatu atataka beberu asiye ndugu. Wote hao watarudi kwa mwenye daftari, kwa sababu hawana pengine pa kwenda. Leo mnamngoja mnunuzi mmoja mwenye pesa nyingi, na mmemngoja wiki tano. Mimi ningependa mngoje watu arobaini wenye pesa kidogo, kila mwezi.

Basi tukubaliane haya kabla ya chai. Makatibu wa vikundi vitatu walete madaftari yao hapa Jumamosi ijayo saa nne, tuyalinganishe, tuone beberu gani aende wapi. Wa Ganda wameshasema wana dume la miezi kumi lisilo na kazi. Mama mweka hazina atatafuta chokaa ya kuandikia bei. Na mzee yule aliyepoteza mbuzi watatu, nimemwalika, amekaa pale nyuma kwenye benchi la dirishani, ana jike mmoja aliyebaki na anasema tangu jana anapiga kelele na kutikisa mkia. Mwenyekiti, funguo za lango uko nazo wewe? Leo si Jumatano, najua, lakini mbuzi hasomi ratiba. Twende naye sasa hivi, chai itatungoja.